Kilomita Moja Isiyo na Watu

Nchi yetu ni nchi salama. Nalisema hilo kwa sababu nimeajiriwa kulisema. Kwa miaka kumi na minane nimekuwa karani wa kumbukumbu katika Mamlaka ya Usalama wa Viwanda, na katika miaka yote hiyo sijaandika ajali hata moja. Zilizotokea tulizipa majina mengine. Kiwanda cha viberiti kilipoungua chote, kwa mfano, tuliandika kwamba kimefanya majaribio ya bidhaa na bidhaa imefaulu. Kwa hiyo haya ninayosimulia nayasimulia kwa moyo mweupe, bila kumlaumu yeyote aliye juu yangu, na wote wako juu yangu.

Jambo lenyewe lilianza na barua. Kiwanda cha mbolea cha serikali kipo nyuma ya mtaa wa Tupendane, na kina matangi matatu makubwa ya kuhifadhia amonia. Amonia ni gesi iliyobanwa na kupoozwa hadi ikawa kimiminika. Ikikaa ndani ya tangi haina neno. Ikitoka nje hugeuka moshi mweupe wa baridi unaotambaa chini, ukachoma macho, koo na mapafu, na mtu akiivuta ya kutosha huanza kukohoa asimalize. Meli iliyobeba amonia mpya ilikuwa tayari njiani kuja kwetu. Kampuni ya bima ya ng'ambo ikatuandikia kwamba meli hiyo haitashusha hata tone moja mpaka serikali ipeleke Andiko la Usalama la kiwanda.

Pale ofisini hapakuwa na aliyejua Andiko la Usalama ni kitu gani. Mkurugenzi wetu, Ndugu Kasiano Ndimbo, alidhani ni aina ya kiapo, akaagiza Biblia na Msahafu viletwe mezani. Ikabidi aitwe Mhandisi Pendaeli Mrutu.

Pendaeli alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini, aliyevaa viatu vizito vya kiwandani hata harusini. Katika wahandisi wote wa Mamlaka, ni yeye peke yake aliyewahi kuvuka lango la kiwanda kile. Wengine walikikagua kwa simu. Tena aliishi jirani nacho, katika nyumba namba mbili ya wafanyakazi, mita mia sita kutoka kwenye matangi.

"Ni kitabu, Mkurugenzi," alisema. "Mwenye kiwanda anaeleza mambo matatu. Nini kinaweza kuharibika. Amefanya nini ili kisiharibike. Na kikiharibika hata hivyo, watu watapona vipi."

"Hilo la tatu nalo ni lazima?"

"Hilo ndilo lenyewe hasa."

Mkurugenzi alitazama dari kwa muda mrefu, kama mtu aliyeambiwa bei ya jeneza lake. Kisha akampa siku ishirini na moja.

*

Siku ya tisa Pendaeli alirudi na kurasa mia moja na arobaini. Kikao kiliongozwa na Waziri wa Viwanda na Fahari ya Taifa mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Burhani Lukuvwe. Udaktari wake alitunukiwa na chuo kikuu alichokizindua asubuhi. Alitunukiwa mchana wa siku hiyo hiyo, maana ni mtu asiyependa kuchelewesha elimu.

Pendaeli alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma: "Sura ya Kwanza. Mambo Yanayoweza Kwenda Vibaya."

"Simama hapo," alisema Waziri. "Nani anaitakia nchi hii mambo mabaya?"

"Hakuna anayeyatakia, Mheshimiwa. Nayaeleza ili tuyazuie."

"Ukiyataja unayaita. Endelea, lakini polepole."

Akaendelea. Alisema tangi namba tatu lina vali ya kupunguza presha iliyoganda kwa kutu. Presha ikipanda ndani ya tangi, vali haitafunguka, na kitakachofunguka ni kitu kingine. Alisema kiungio cha bomba la kujazia kimefungwa kwa waya. Alisema barakoa za gesi zipo mbili kwa wafanyakazi tisini. Alisema pia kwamba king'ora cha kuwaonya watu hakina mota.

"Mota imekwenda wapi?" Waziri aliuliza.

"Imefungwa kwenye gari la mbele la msafara wako, Mheshimiwa. Ilichukuliwa mwaka juzi."

"Ndiyo maana kile king'ora kinalia vizuri," alisema Waziri, na wajumbe wakapiga makofi.

Baada ya hapo Sura ya Kwanza ilifanyiwa uhariri, na heshima hiyo ilinifikia mimi. Penye "kuvuja" niliandika "kutoka kwa hiari". Penye "mlipuko" niliandika "upanuzi wa ghafla". Penye "vifo" tulijadiliana nusu saa nzima, tukakubaliana juu ya "upungufu wa washiriki". Kuhusu vali iliyoganda, Mkurugenzi aliona kwamba vali isiyofunguka ni vali imara, na ikaingia kwenye orodha ya mafanikio. Kurasa mia moja na arobaini zikashuka hadi thelathini na moja, pamoja na picha ya Waziri.

Pendaeli aliitazama kalamu yangu inavyokwenda. Nilimwambia samahani. Alisema, "Wewe andika tu, karani. Tatizo halijafika bado."

*

Tatizo lilifika siku iliyofuata, nalo lilikuwa duara. Kampuni ya bima ilitaka ichorwe ramani, na kwenye ramani lichorwe duara la kilomita moja kuzunguka matangi. Ndani ya duara hilo wasizidi watu hamsini. Wakizidi, meli irudi.

Pendaeli alikwisha kuwahesabu watu waliokuwamo. Aliwahesabu kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akisaidiwa na Feruzi Makungu, fundi wa mitambo wa kiwanda kile, ambaye mwenyewe aliishi Tupendane pamoja na dada yake mkubwa. Walipata watu elfu kumi na moja mia tatu kumi na sita.

"Hao wote wamefikaje pale?" Waziri alishangaa.

"Wengi walizaliwa pale, Mheshimiwa."

"Kwa kibali cha nani?"

Pendaeli alieleza kwamba mtaa una miaka sitini na kiwanda kina kumi na minne, kwa hiyo kilichomfuata mwenzake ni kiwanda. Akasema njia zipo mbili: kuhamisha matangi, au kuwahamisha watu kwa haki na kuwajengea kwingine. Waziri akasema matangi hayahami, yamo kwenye noti mpya. Na watu hawahami, maana uchaguzi uko karibu na wakihama watapigia kura wapi.

Hapo ndipo Mkurugenzi Ndimbo alipoonyesha kwa nini yeye ni mkurugenzi na mimi ni karani.

"Mheshimiwa," alisema, "kilichomo ndani ya ramani ni karatasi. Na karatasi ni mali yetu."

Ijumaa ile Gazeti la Serikali lilitoka na tangazo la mistari minne. Mtaa wa Tupendane ulikoma kuwepo kuanzia saa sita mchana. Mahali pake palikuwa sasa Eneo la Wazi la Kijani. Mjumbe mmoja mwenye busara alihofia kwamba duara lenye watu sifuri litaonekana la kutunga, basi tukawabakiza watu kumi na wawili wa nyumba za wafanyakazi, kwa kuwa nyumba zile ni za serikali na serikali haiwezi kuishi mahali pasipo na watu. Waliosalia walikuwa elfu kumi na moja mia tatu na nne. Mkurugenzi hapendi takwimu zipotee bure. Aliagiza tuziandike kwenye safu ya miti.

*

Jumatatu alikuja mama mmoja ofisini na ndoo tupu. Alikuwa mnene, wa miaka sitini hivi, amefunga kanga mbili, na mikono yake ilikuwa na alama za mafuta ya kukaangia vitumbua. Mezani kwangu ndiko malalamiko yanakopokewa, kwa sababu droo yangu ndiyo kubwa kuliko zote.

"Mwanangu, bomba la mtaa limefungwa," alisema. "Nimekwenda kwa watu wa maji, wameniambia miti hunywa mvua. Wamenielekeza huku."

"Unatoka wapi, mama?"

"Tupendane."

"Hakuna mahali panapoitwa hivyo."

"Basi mimi nimepanda basi wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye fomu, kwa hiyo sikulijibu. Nikaomba jina.

"Siwatu. Siwatu Makungu."

Mkurugenzi alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Alisimama, akarudi nyuma hatua mbili. "Umesema unaitwa nani?"

"Siwatu, bwana."

Mkurugenzi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Umesikia, karani? Amekiri mwenyewe! Si watu! Sisi tumehangaika na Gazeti la Serikali, kumbe ushahidi wameubeba majinani!"

Bi Siwatu hakucheka wala hakukasirika. Aliweka ndoo chini.

"Mama yangu alizika watoto watatu kabla yangu," alisema. "Nilipozaliwa akaniita Siwatu, ili kifo kikija mlangoni kione hapa hapana mtu, kipite. Na kweli kilipita. Hakujua kwamba kuna siku serikali nayo itapita hivyo hivyo."

Mkurugenzi alirudi ofisini kwake akiwa bado anacheka. Niliandika lalamiko lake na kuliweka kwenye droo. Kwenye nafasi ya mlalamikaji niliandika "mti, wa kike, takriban miaka sitini", kama taratibu zinavyotaka. Nakiri kwamba mwandiko wangu siku hiyo haukuwa mzuri.

*

Andiko lilibakiza kitu kimoja tu, saini ya mhandisi. Pendaeli alikataa kutia. Alikataa Jumanne, akakataa Jumatano. Alhamisi Mkurugenzi alimwambia kwamba asipotia saini yeye, atatia binamu wa Waziri, aliyesomea upambaji wa kumbi, na kwamba meli itashusha vile vile.

Pendaeli aliinamisha kichwa. Nilimwona anahesabu kitu vidoleni.

"Nitatia," alisema. "Kwa sharti moja. Kiambatisho cha Nane kibaki kama nilivyokiandika."

Mkurugenzi alifunua Kiambatisho cha Nane. Kilihusu jinsi ya kuwafundisha wakazi wa duara kujiokoa gesi ikitoka.

"Lakini wakazi hawapo."

"Basi kitakudhuru nini?"

"Utafundisha miti?"

"Nitafundisha miti."

Mkurugenzi aliita wenzake waje wasikie. Walicheka pamoja, wakagonga mhuri, na Pendaeli akatia saini chini ya sentensi isemayo kwamba katika kilomita moja kuzunguka matangi wapo watu kumi na wawili. Nilishuhudia saini hiyo. Ilikuwa nzuri na ya kusomeka, na baada ya kuitia alikwenda kunawa mikono mara mbili.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani kwa Siwatu na Feruzi, nami nikafuatana naye, kwa sababu kila utekelezaji wa kiambatisho lazima uwe na mtu wa kuuandikia kumbukumbu. Bi Siwatu alikuwa anaosha vikaango.

"Feruzi ameniambia," alisema bila kugeuka. "Umetia saini kwamba sisi ni miti."

"Nimetia, mama."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu. Ningekataa, wangetia wengine, na hiki nilichokuja nacho kisingekuwepo. Sijui kama nimefanya vizuri."

Bi Siwatu aliendelea kusugua kikaango ambacho kilikwisha kutakata zamani. Feruzi alimtazama dada yake, akamtazama mhandisi, akaona bora amtafutie mgeni kigoda.

"Hujafanya vizuri," Bi Siwatu alisema mwishowe. "Haya. Keti unieleze huo moshi."

Pendaeli alieleza. Moshi wa amonia hutambaa chini na kufuata upepo. Kwa hiyo usikimbie mbele yake, utakupata. Usijifiche bondeni. Tazama upepo unakwenda wapi, kisha ukate ubavuni, ukielekea juu. Amonia hupenda maji, kwa hiyo lowanisha kanga, funika pua na mdomo, na mtoto umfunike wote. Kutambua upepo, Feruzi alitundika mifuko ya plastiki juu ya vijiti kwenye paa arobaini.

Kwa wiki tatu miti ya Eneo la Wazi la Kijani ilifanya mazoezi kila alfajiri kabla ya kwenda kazini. Bi Siwatu alikuwa ndiye kamanda. Alipita vichochoroni akigonga sufuria, na aliyechelewa kutoka nje alisemwa na familia yake nzima. Mara ya kwanza walichukua nusu saa kufika uwanja wa mpira ulioko mlimani. Mara ya mwisho walichukua dakika nane, pamoja na wagonjwa. Mkurugenzi alipata taarifa zangu zote na kuzisoma kwa sauti kwenye chai ya saa nne, kwa burudani.

*

Meli ikaja, na Waziri akatangaza sherehe ya kujaza tangi. Wiki moja kabla ya siku yenyewe aligundua kasoro.

"Umati uko wapi?" aliuliza. "Nitahutubia watu kumi na wawili?"

Mkurugenzi hakushindwa. Alitoa Tangazo la Kuwepo kwa Muda, lililowaruhusu waliokuwa wakazi wa Tupendane kuwepo siku ya Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa sita mchana, wakiwa na nyuso za furaha. Nilitumwa kulisoma mtaani. Watu walisikiliza kwa utulivu.

"Na saa sita na dakika moja?" aliuliza Bi Siwatu.

"Mtarudi kama zamani, mama."

"Sawa. Tutakuja."

Walikuja kweli, maelfu, na kila mwanamke alikuwa na beseni la maji lenye kanga ndani. Waziri alifurahi, akidhani ni mapambo. Nikamsikia akimwambia mpiga picha asikose mabeseni.

Andiko halisi la Pendaeli lilisema tangi namba tatu lisijazwe kamwe kabla ya kubadilishwa vali. Lakini namba tatu ndilo lililotazamana na jukwaa, na lilikuwa limepakwa rangi mpya. Feruzi, aliyekuwa zamu, alipanda jukwaani kusema. Akaambiwa ashuke, ana viatu vichafu. Pendaeli alipanda baada yake, naye akashushwa na walinzi wawili, miguu yake ikiwa haigusi ngazi.

Waziri alihutubia dakika hamsini. Alisema amonia ni alama ya utu wetu. Kisha akashika gurudumu la vali ya kujazia, lililofungwa utepe mwekundu, akalizungusha mpaka mwisho, kwa sababu ni mtu asiyefanya mambo nusunusu.

Presha ilipanda. Vali imara ikabaki imara. Kiungio kilichofungwa kwa waya kikapasuka kwa mlio kama wa chuma kinachochanwa, na moshi mweupe ukamwagika kutoka juu ya bomba, ukashuka chini, ukaanza kutembea.

Bi Siwatu aligonga beseni mara tatu. Maelfu ya vichwa yakainuka kutazama mifuko ya plastiki juu ya paa. Kanga zikatoka majini, watoto wakafunikwa, na umati wote ukakata ubavuni mwa upepo kuelekea mlimani, kwa mwendo wa haraka usio wa kukimbia. Sijawahi kuona jambo la serikali likienda vizuri namna ile, na halikuwa la serikali.

Wakubwa, wao, walifuata Andiko. Andiko lilisema kwamba dharura ikitokea, watu wakusanyike kwenye Eneo la Wazi la Kijani. Wakalikimbilia. Wakakuta nyumba, kuta, mitaro na vichochoro visivyo na mlango wa kutokea, upande ule ule upepo unakoelekea, na moshi ukawafuata humo taratibu kama mwenye nyumba anayekagua vyumba. Mkurugenzi alikuwa na barakoa, moja kati ya zile mbili. Ya pili ilikuwa kwenye kabati la maonyesho, imefungwa kwa kufuli.

Bi Siwatu alikuwa amekwisha kufika mlimani. Alisikia makelele ya wakubwa, akageuka.

"Mama, usirudi," alisema Pendaeli. "Tafadhali."

"Wanakufa nyumbani kwangu," alisema, akalowanisha kanga yake upya. Wanawake na wanaume zaidi ya mia mbili wakashuka pamoja naye. Waliwavuta wakubwa kwa mikanda, kwa tai, kwa mashati. Waziri alibebwa mgongoni na dobi mmoja aliyekuwa amekufa kiserikali tangu Ijumaa ya tangazo.

Huku nyuma moshi uliendelea kutoka, na tangi lilikuwa bado na shehena. Feruzi alipanda ngazi ya bomba kuu akiwa na shati lililolowa usoni, akafunga vali ya juu kwa mkono, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Tulimwona kutoka mlimani, kisha hatukumwona, kisha moshi ukaacha kutoka. Alishuka mwenyewe. Aliketi chini kwenye ngazi ya mwisho kama mtu anayepumzika, na ndivyo tulivyomkuta.

*

Taarifa ya Tume iliyochunguza tukio niliichapa mimi. Ilisema vali ya juu ilijifunga yenyewe, ushahidi wa ubora wake. Ilisema viongozi waliokolewa na uoto wa asili. Ilisema kwamba miti mia mbili na kumi na mitatu imeathirika majani, na mti mmoja umeanguka.

Nilipofika kwenye mti mmoja, mashine ya kuchapa ilikwama. Niliwaambia wenzangu kwamba ni mashine.

Hospitalini walioungua macho na mapafu walilala kwenye baraza, kwa sababu kompyuta ya mapokezi haikukubali mtaa wao. Muuguzi alijaribu kuandika Tupendane, kompyuta ikajibu kwamba mahali hapo hapapo. Bila makazi hakuna kadi, na bila kadi hakuna dawa. Bi Siwatu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, jicho lake la kushoto limefungwa kwa kitambaa.

Pendaeli alisogea dirishani. "Huyu anakaa kwangu," alisema. "Nyumba za wafanyakazi, namba mbili."

Kompyuta ikakubali. Akaja wa pili. "Naye anakaa kwangu." Wa tatu pia. Alisimama pale tangu asubuhi hadi alasiri, akirudia maneno yale yale mpaka sauti ikakauka, na wote mia mbili na kumi na watatu wakaandikwa nyumba namba mbili, vyumba viwili na jiko. Mwisho akakwenda chumba cha maiti, na kwenye cheti cha Feruzi Makungu, penye makazi, akaandikisha vivyo hivyo.

Habari zilifika Mamlaka. Mkurugenzi, ambaye hakusahau kwamba aliyefundisha miti alimwona akilia kichochoroni ndani ya barakoa, alifurahi sana. Nyumba za wafanyakazi zina sheria: vyumba viwili, watu wanne. Akamfungulia Pendaeli mashtaka ya msongamano unaohatarisha usalama.

Kesi ilisikilizwa siku mbili. Mshtakiwa alikiri kwamba watu hao wanaishi kwake. Hilo lingetosha, lakini Mkurugenzi alitaka kifungo na si onyo, kwa hiyo alipanda kizimbani mwenyewe kama shahidi wa serikali, akathibitisha bila kuacha shaka. Alitoa daftari la hospitali. Akaapa kwamba hawa ni watu halisi, mia mbili na kumi na wanne, wanaokaa mita mia sita kutoka kwenye matangi, na kwamba serikali inatambua kila mmoja wao. Hakimu aliuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika kwa asilimia mia.

Hakimu akaagiza majina yasomwe na kila mmoja athibitishe. Nilipewa daftari, nikasoma. Ukumbi ulijaa, na waliokosa nafasi walisimama madirishani. Kila nilipotaja jina, mtu alisimama na kusema, "Nipo." Wengine walisema kwa kukohoa. Dobi alisema kwa sauti kubwa mno, akaonywa. Niliposoma Siwatu Makungu, alisimama, akasema, "Nipo," akabaki amesimama, kwa sababu aliona karatasi yangu na kujua jina linalofuata.

"Feruzi Makungu," nilisoma.

Feni zilizunguka. Mkurugenzi alitazama viatu vyake.

"Alikuwepo," alisema Bi Siwatu. "Andika hivyo hivyo. Alikuwepo."

Niliandika. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane niliandika kitu kama nilivyokisikia, na mwandiko ukawa mzuri.

Pendaeli alihukumiwa kifungo cha miezi sita. Hukumu ilichapishwa pamoja na majina yote na umbali wa mita mia sita, ikiwa na mhuri wa mahakama, na nakala yake ikafika kampuni ya bima, ambayo kumbe husoma. Wiki ya pili kampuni ilijitoa kwenye kiwanda kizima. Meli ilirudi ikafyonza amonia yote kutoka kwenye matangi, mpaka tone la mwisho, na tangu hapo hakuna meli iliyokubali kutia nanga. Waziri aliuzindua utupu wa matangi kwa hotuba ya dakika arobaini. Alizungumza na watu kumi na wawili. Mkurugenzi alipandishwa cheo, kwa kuwa ni lazima mtu apandishwe. Mimi nilisimamishwa kazi kwa kosa la kusoma kwa sauti.

Asubuhi ya kufunguliwa kwa Pendaeli nilikwenda gerezani, kwa kuwa sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nikakuta barabara ya mbele ya lango imejaa watu pande zote mbili, wengine na miwani myeusi, wengine wakiegemea fimbo. Bi Siwatu alikuwa mbele na sinia la vitumbua, amelifunika kanga.

Askari wa lango alitoka na daftari lake. "Kanuni inaruhusu ndugu tu kumpokea mfungwa," alisema. "Ninyi nyote ni nani wake?"

Bi Siwatu alimtazama kwa jicho lake moja.

"Tunakaa naye," alisema. "Mwite atoke, chai inapoa nyumbani."